Nesi wa miaka 53, kiuno kinauma na kwenye ngazi nayumba: nifanyeje?

Swali (nimelifupisha na kutoa vinavyoweza kumtambulisha): "Mi ni nesi, miaka 53, wodi ya mifupa ya wanaume, hospitali ya mkoa, miaka mingi sasa wodi hiyohiyo. Kiuno kinauma kila nikitoka naiti, asubuhi hata kuvaa viatu ni kazi, nikipata ofu mbili mfululizo kinapoa. Eksirei wamesema pingili zimesagika. Wenzangu wananitania naota kibiongo, basi siku nzima najikaza nisimame wima ndo kwanza nachoka zaidi. Na juzi nimeyumba kwenye ngazi mara ya pili, nusura niende chini. Natumia dawa ya presha na metfomini, diklofenaki nameza nikizidiwa. Ninunue mkanda wa mgongo? Nilale chini? Niombe kuhamishwa au nivumilie hadi 55 nistaafu kwa hiari?"

Shikamoo dada. Umeuliza kama swali moja ila humo ndani yapo matano, na ntayajibu kwa mpangilio wangu mwenyewe, maana hilo la kuyumba kwenye ngazi ulilolitupia mwishoni mi ndo limenishtua kuliko hata mgongo. Tutalifikia.

Kwanza tuondoe yale ya kuwahi hospitali leoleo, sababu manesi mna tabia ya kuwasomea wagonjwa dalili za hatari alafu zenu wenyewe mnazipita. Ukipata ganzi sehemu za siri na makalio kwa ndani, au mkojo ukagoma au ukatoka bila kujijua, au miguu yote miwili ikaanza kulegea, hiyo ni dharura, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Maumivu ya usiku ambayo hayajali umelalaje, homa za jioni, jasho la usiku, nguo kuanza kukupwaya, hapo fikiria TB ya uti wa mgongo, Percivall Pott aliiandika tangu 1779 na mpaka leo bado inatuponyoka, na wewe unashinda sehemu ambayo watu wanakukoholea. Umewahi kuugua saratani, au umetumia steroidi muda mrefu, sema kwa daktari. Kwa ulivyoeleza sioni dalili ya hivo, maumivu yako yanakuja na kazi na yanaondoka na ofu, hiyo ni tabia ya mgongo uliozidiwa mzigo na sio mgongo uliooza.

Sasa hiyo eksirei. Pingili zimesagika, sawa, naamini zimesagika, ila una miaka 53 na mimi ningeshangaa zisingekua hivo. Mwaka 2015 Waleed Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti za picha za migongo ya watu 3,110 ambao HAWANA maumivu yoyote, wakakuta kwenye umri wa miaka 50 watu 80 kwa 100 diski zao (vile vimto laini kati ya pingili) zimechakaa, na 60 kwa 100 diski imevimba kutoka nje kidogo, na hata vijana wa miaka 20 walikua 37 kwa 100 wenye uchakavu. Wote hao wanadunda tu. Kwa hiyo ile karatasi inakwambia umri wako, haikwambii kwa nini unaumia ukitoka naiti na kwa nini unapona ukipata ofu mbili. Mfupa uliosagika hauendi ofu. Kinachoenda ofu ni kubeba.

Na hapa ndo ninapotaka tukae, maana kwa jinsi ulivyouliza inaonekana umeshajihukumu kwamba tatizo ni jinsi unavyosimama. Mi nasema tatizo ni kilo.

Hebu twende na hesabu. Marekani wana taasisi yao ya usalama kazini inaitwa NIOSH, wao kwa boksi lenye vishikio, lililo karibu na mwili, kimo kizuri, ukomo wao ni kilo 23. Mwaka 2007 Thomas Waters wa hapohapo akasema mgonjwa sio boksi, hana vishikio, anajigeuza ghafla, anashika shingo yako akiogopa, kwa hiyo kwa kumnyanyua mgonjwa kwa mikono akashusha ukomo mpaka paundi 35, yani kama kilo 16, tena hiyo ni katika mazingira mazuri. Sasa mguu mmoja wa mtu mzima ni kama asilimia 16 ya uzito wake, kwa jamaa wa kilo 70 hiyo ni kilo 11 mguu mtupu. Weka POP (plasta ngumu ya mfupa) ndefu iliyolowa. Mguu mmoja tu wa kijana wa bodaboda unaomshikilia mwenzio afunge kidonda tayari umegusa ukomo, na wewe umeushika mkono umenyooka, umeinama juu ya kitanda kifupi, dakika kadhaa. Hapo hatujamgeuza, hatujampandisha juu ya mto, hatujamuwekea bedpani.

Kwanini mkono kunyooka ni shida: misuli ya mgongo inashika karibu sana na uti, kama sentimita 5 tu kutoka pale pingili zinapopindia. Ukishika kilo 16 sentimita 50 mbele yako, misuli inabidi ivute mara kumi, yani kama kilo 160, na hiyo nguvu yote inaishia kuikandamiza diski, alafu ongeza uzito wa kifua na kichwa chako mwenyewe ulichokiinamisha. Uvute huo mguu ukae sentimita 25 umeshaondoa nusu. Ndo mana nasisitiza ukaribu kuliko unyoofu. Mtu anaweza kuinama mgongo umenyooka kama ubao kabisa na bado akajiumiza sababu mzigo uko mbali.

Na usidhani mkiwa wawili mmemaliza. William Marras na wenzake pale Ohio State mwaka 1999 walipima mbinu mbalimbali za kumuhamisha mgonjwa, za mtu mmoja na za watu wawili, wakakuta zote zinaubana mgongo kupita kiasi, ya mtu mmoja ndo mbaya kabisa, yenye nafuu ilikua kumvuta kwa shuka watu wawili na hata hiyo haikua salama ya kutosha. Pia tafiti zilizojumlishwa na Cochrane zinaonyesha semina za "namna sahihi ya kunyanyua" peke yake hazizuii maumivu ya mgongo. Mi mwenyewe ni fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) na hizo semina tunaitwaga kuzifundisha, watu wanapiga makofi, wanarudi wodini wako wawili kwa wagonjwa thelathini, sasa mbinu itafanya nini hapo.

Kwa hiyo kibiongo na kukaa wima. Acha kujikaza dada. Kusimama wima siku nzima kwa kujikaza ni kuifanyisha misuli ya mgongo shifti nyingine juu ya shifti, ndo mana unachoka zaidi. Hamna pozi moja takatifu, mgongo unapenda kubadilishwa badilishwa. Kinachoumiza ni kukaa pozi moja muda mrefu, hasa kuinama, zile mishipa ngumu zinazofunga pingili zinalegea taratibu ukikaa umeinama kwa muda, na hazirudi papohapo. Unajaza rejesta za MTUHA (zile za takwimu za wagonjwa) umejikunja kwenye kile kiti kifupi nusu saa, ghafla mnaitwa kunyanyua mgonjwa, hapo ndo watu wanapata ule mshtuko wa kiuno wanasema "nilinyanyua kidogo tu". Inuka, tembea mpaka mwisho wa wodi urudi, jinyooshe nyuma mara mbili tatu, ndo ushike mgonjwa.

Asubuhi nayo ina sababu yake. Ukilala diski zinavuta maji zinajaa, ukiamka zimejaa na zimekaza, kuinama saa hiyo kunazibana kuliko mchana. Mwaka 1998 Stover Snook alijaribu kitu rahisi sana, watu wenye maumivu sugu wasiiname mapema asubuhi baada ya kuamka, na maumivu yao yakapungua. Kwa hiyo viatu vaa mguu ukiwa juu ya stuli, kufagia uwanja na ule ufagio wa njiti mfupi achia watoto au fanya jioni, na kama umelala mchana baada ya naiti basi "asubuhi" yako ni ile saa unayoamka, mgongo hauangalii jua.

Ila kibiongo chenyewe tusikipuuze, kuna kupinda kwa mazoea na kuna kupinda kwa mfupa. Simama visigino na makalio yameguza ukuta, angalia mbele kawaida, kisogo kinagusa ukuta bila kunyanyua kidevu? Kikigusa, una mazoea tu. Kisipogusa, pima urefu wako alafu tafuta kadi yako ya zamani ya kliniki ya ujauzito, waliandika urefu pale. Ukiwa umepungua sentimita 4 au zaidi, muone daktari akuangalie pingili kama kuna iliyobonyea, kwani baada ya hedhi kukoma mifupa ya kinamama inapoteza madini kwa kasi na pingili inaweza kubonyea bila hata kuanguka. Na swali lingine: ukitembea umbali fulani miguu inauma au inakufa ganzi, alafu ukiegemea toroli la dawa inapoa? Kama ndio, niandikie tena, hiyo inaweza kua njia ya neva imebana na mazoezi yake yanapishana kidogo na haya ntakayokupa chini.

Wodini sasa. Najua kitanda cha kupanda na kushuka mnacho kimoja na hendeli yake imepotea. Tufanye na kilichopo.

Kumpandisha mgonjwa juu kitandani: laza kichwa cha kitanda flati kwanza, watu wengi mnamvuta huku kitanda kimeinuliwa, yani mnampandisha mlima. Mwambie akunje goti zima, akanyage godoro, moja mbili tatu asukume kwa kisigino, nyie mnaongoza tu. Wagonjwa wa mifupa wengi ni vijana wana mikono mizuri kabisa, wale wa traksheni (mguu unaovutwa kwa uzito) kile kishikio cha juu kimewekwa kwa kazi hiyo, wajinyanyue wenyewe wakati unateleza bedpani. Huna haja ya kumuonea huruma, kufanya mwenyewe kunamlinda na vidonda pia. Wewe simama mguu mmoja mbele mmoja nyuma, paja liguse kitanda, na uhamishe uzito wako kutoka mguu wa mbele kwenda wa nyuma, mwili ndo uvute, mikono iwe kamba tu.

Shuka la kuteleza ni kitu ambacho ningekipigania kuliko semina yoyote. Ya kununua ni ghali lakini fundi cherehani anaweza kushona mfuko mpana wa naironi laini, wazi pande mbili, ukiuweka chini ya mgonjwa kitambaa kinateleza juu ya kitambaa na nguvu ya kuvuta inapungua sana. Mjaribu kwanza kwa nesi mwenzenu mzima, mlitoe mkimaliza sababu mgonjwa akibaki juu yake atateleza mpaka sakafuni, na lifuliwe na klorini kila mgonjwa na mgonjwa. Mlipeleke kwa inchaji likiwa limeshonwa tayari, wazo la mdomo linasahaulika ila kitu kinachoonekana kinapata bajeti.

Na mgonjwa akianza kuanguka wakati unamtembeza, USIMDAKE. Najua roho inauma. Msogeze karibu, weka mguu wako nyuma yake, mwache ateleze taratibu kwenye paja lako mpaka chini huku unalinda kichwa. Kilo 70 zinazoanguka hakuna mgongo wa binadamu unaozizuia, na nimeona manesi wengi ambao hadithi yao inaanzia hapo hapo. Akishafika chini hana haraka tena, ita watu sita na shuka.

Ndugu wa wagonjwa nao wapo, kila kitanda kina mtu anakaa na kikapu cha chakula. Wafundishe kumgeuza ndugu yao ile ya kawaida, sio mwenye nyonga iliyovunjika au shingo, lakini kumsogeza na kumkalisha wanaweza, na nyumbani watafanya hayohayo bila wewe.

Mkanda: usinunue. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda, wala kuvutwa mgongo kwa mashine, na hata ile mashine ya mawimbi ya sauti (ultrasaundi) tuliyonayo idara nyingi za fizio haimo kwenye vinavyopendekezwa (ndio, na bado watu wanailipia). Ukiuvaa siku mbili za maumivu makali ukasikia nafuu sikukatazi, ila mtu akiuvaa anajiamini anabeba zaidi, hapo ndo kosa.

Kulala chini, hapana. Hii ya kulalia mkeka ili mgongo unyooke tumerithishana tu. Utafiti wa Hispania wa 2003, watu 313, waliolalia godoro gumu la wastani walipata nafuu kuliko waliolalia gumu kabisa. Mto katikati ya magoti ukilala ubavu, basi.

Diklofenaki na presha. Dada wewe unajua hili kuliko mimi ila unajifanya hujui, hizi dawa zinapandisha presha na zinachosha figo, na kama dawa yako ya presha ni ya kundi la losatani au enalaprili na wanakupa na ya kukojoza maji, ukichanganya na diklo figo zinapigwa pande tatu, na una kisukari juu yake. Siku mbaya mojamoja na chakula, kwa idhini ya daktari wako, sawa. Kila baada ya naiti, hapana. Pima kreatinini (kipimo cha figo) kama hujapima mwaka huu.

Ngazi sasa. Mwili unajua uko wapi kwa kutumia macho, sikio la ndani, na habari zinazotoka kwenye nyayo na viungo. Wewe nina mashaka na vitu vitatu vinne hivi.

Cha kwanza presha. Lala dakika tano, pima, simama, pima tena baada ya dakika moja na ya tatu. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, dawa yako inahitaji kuangaliwa upya, ipeleke hiyo karatasi kwa daktari na usijipunguzie mwenyewe. Naiti mtu hajanywa maji tangu saa mbili, anainuka ghafla kwenye kiti anakimbilia kengele, mnaita "kizunguzungu cha uchovu".

Cha pili metfomini. Ukiitumia miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, B12 ikipungua neva za nyayo zinakufa ganzi taratibu, na kisukari chenyewe kinafanya hivohivo, basi miguu inaacha kutuma habari na wewe unategemea macho tu, ndo mana mtu anayumba gizani au akifumba macho bafuni kuosha uso. Omba kipimo cha B12 kama maabara yenu au ya jirani inacho, na muombe mwenzio akuguse nyayo na ile monofilamenti (kiuzi cha kupimia ganzi) au hata pamba umefumba macho. Nimetaja hii kwa makusudi kwa sababu watu wa kiuno wanachomwaga sindano za vitamini B kwa mazoea bila kupima, wakati wewe inawezekana ni mmoja wa wachache wanaoihitaji kweli.

Cha tatu miwani. Kama una ile ya lensi mbili, ya mbali juu ya kusomea chini, ukishuka ngazi unaangalia hatua kupitia lensi ya kusomea, ngazi inakua na ukungu. Inamisha kichwa kizima au vaa ya mbali tu ukiwa unatembea. Na viatu, samahani, yeboyebo zilizoisha soli kwenye terazo iliyopigwa deki sio viatu vya kazi.

Kama kinachotokea ni chumba kuzunguka kabisa sekunde chache ukijigeuza kitandani, hiyo ni ya sikio la ndani na kuna namna ya kukulaza na kukugeuza kichwa inayoondoa, mara nyingi kikao kimoja au viwili, muone fizio au daktari wa masikio anayeijua.

Alafu jipime. Simama karibu na meza usiyoegemea, nyanyua mguu mmoja, hesabu sekunde 10. Mwaka 2022 kule Brazil walitoa matokeo ya watu 1,702 wa miaka 51 mpaka 75 waliojaribishwa hivi, mmoja kati ya watano alishindwa, na walioshindwa hatari yao ya kufa miaka iliyofuata ilikua kubwa kuliko wenzao hata baada ya kuhesabu umri na magonjwa. Sio kwamba mguu ukitua unakufa, ni kwamba kipimo kidogo hicho kinakusanya mambo mengi, misuli, neva, moyo, macho. Kingine: kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mikono kifuani, inuka na kaa sekunde 30. Wamarekani kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64 wakikuta chini ya 12 wanasema yuko chini ya wastani, wewe una 53 sitegemei upate chini ya hapo. Ukipata chini ya hapo hatuna haja ya kubishana kuhusu mgongo, miguu ndo imekuachia mgongo kazi yake. Mgonjwa unamnyanyua kwa mapaja na makalio, yakidhoofika kiuno kinajitolea.

Utasema lakini mi kazi yangu ni mazoezi tosha, natembea wodi nzima. Hapana. Kazi inakupa uchovu, haikupi nguvu, sababu haikupandishii mzigo taratibu na haikupi siku ya kupona. Misuli inapungua tangu miaka ya thelathini na kitu na hairudi kwa kutembea na toroli.

Fanya hivi, siku tatu kwa wiki, sio siku unayoingia naiti. Kuinuka kwenye kiti mara 8 mpaka 12, raundi tatu, ikiwa rahisi kumbatia dumu la lita 5, baadae la 10. Kuinama kwa nyonga: simama mgongo kwa ukuta, hatua moja mbele, sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, magoti yamelegea kidogo, rudi, huku ndo kule kuinama kwa bibi zetu shambani, tatizo tumekuacha tukahamia kupinda kiuno. Kisha piga magoti na mikono chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, shikilia sekunde 8, badili. Lala ubavu ujinyanyue kwa kiwiko na goti, sekunde 8 hivohivo. Hizi mbili Stuart McGill wa Kanada amezisisitiza miaka mingi, sababu zinaimarisha bila kuibana sana diski. Malizia kwa kubeba ndoo ya lita 10 mkono mmoja, tembea uwani kifua wazi bila kuegemea upande, rudi na mkono wa pili. Kuuma kidogo wakati wa mazoezi sio vibaya, ikifika kesho yake bado imezidi basi punguza nusu, usiache.

Ya balansi fanya kila siku maana hayachoshi. Kupiga mswaki kwa mguu mmoja, mkono karibu na sinki. Kutembea kisigino kikigusa vidole kwenye mstari wa terazo pale koridoni, saa tisa usiku hakuna anayekuona. Kunyanyuka kwa vidole vya miguu ukisubiri sampuli dirishani. Baada ya wiki kadhaa geuza kichwa kulia kushoto ukiwa mguu mmoja. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2019 zinaonyesha mazoezi yanapunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo, na yanayofanya kazi zaidi ni haya ya balansi na nguvu za miguu, sio kunyoosha viungo.

Na kutembea. Australia mwaka 2024 walitoa utafiti wa watu 701 waliopona kiuno, kundi moja likawekewa mpango wa kutembea na fizio akiwaongoza, lengo dakika 30 mara tano kwa wiki, wao walikaa wastani wa siku 208 kabla maumivu hayajarudi na wale wengine 112. Bure kabisa, shuka daladala vituo viwili kabla, ila usianze wiki ya naiti.

Kuhusu kuhamishwa sasa. Kuvumilia mpaka 55 bila kubadilisha chochote, hilo nakataa, na kukimbilia kustaafu kwa sababu ya kiuno pia nakataa, maana ukitoka na mapaja dhaifu na miguu yenye ganzi utaanguka nyumbani badala ya wodini. Hamia, lakini angalia unahamia wapi. Kliniki ya watoto watu wanaiona nyepesi, kumbe siku nzima ni kuinamia mizani na vitoto vya kilo tano sita, kwa mgongo mwingine ni mbaya kuliko mifupa. Leba ndo usiguse. Kliniki ya magonjwa sugu, chanjo yenye meza ya kimo kizuri, au kubakia hapohapo wodini kwenye dawa na makaratasi huku wanaogeuza ni wengine, yote yanawezekana.

Barua usiandike "naomba kazi nyepesi", itapigwa chini. Andika kazi unazoweza na usizoweza: naweza kugawa dawa, kufunga vidonda kwa meza iliyoinuliwa, kusimamia zamu, siwezi kumnyanyua mgonjwa peke yangu wala naiti zaidi ya idadi fulani mfululizo. Ambatanisha ripoti ya fizio au daktari. Na kila ukiumia kwenye kumnyanyua mgonjwa iandikwe siku hiyohiyo kwenye kitabu cha matukio na mwajiri ajulishwe, kwa sababu Tanzania Bara mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, unahudumia na watumishi wa serikali pia, ila bila rekodi hakuna atakayejua uliumia wodini au ukichota maji kwako. Metroni akiikalia barua, nakala nyingine mpe kiongozi wa tawi la TUGHE (chama cha wafanyakazi wa serikali na afya) hapo hospitalini, aipeleke yeye kwenye kikao.